Nyumba ya Gazi na Mwenyewe, Sheikh Mbaruk

Msomaji mpenzi, ukivuka kivuko cha Likoni ukashika barabara ya kusini iendayo Lunga Lunga, ukaipita Ukunda, basi kabla hujafika Msambweni utaikuta njia ndogo inayokata kushoto na kuteremka pwani. Njia hiyo itakufikisha Gazi. Wageni wengi wanaokwenda huko siku hizi huenda kutazama mikoko. Akina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao inayopita juu ya matope katikati ya miti hiyo, na tangu mwaka 2013 kuna mradi uitwao Mikoko Pamoja unaowapatia wanakijiji fedha kwa kuihifadhi. Ni jambo la kheri, na anayetaka kuliona na alione.

Lakini mimi sikwenda kwa ajili ya mikoko. Nilikwenda kuitazama nyumba.

Ni nyumba ya mawe na chokaa, na ilipojengwa ilikuwa kubwa kupita nyumba za jirani zake zote. Mwenyewe alikuwa Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui. Alipoondoka asirudi, nyumba ikapita mikono mingine, mwisho ikafanywa shule ya msingi. Watoto wa Kidigo wakakaa kwenye vyumba vya mtu ambaye babu zao walimwogopa, au walimpigania, wakajifunza kuandika majina yao.

Sababu ya safari yangu naieleza mapema ili nisidhaniwe kuwa na upande. Katika jamaa zangu jina la Mbaruk lilikuwa na nyuso mbili. Kwa upande wa baba, babu yangu alikuwa akilitaja kwa fahari, kwani baba yake alikuwa miongoni mwa vijana waliobeba bunduki msituni pamoja na Sheikh. Kwa upande wa mama, nyanya yangu alikuwa hataki lisemwe nyumbani mwake. Mama yake alikuwa mtumwa katika shamba moja la kusini, akatoroka usiku na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye nyanya yangu. Basi mimi, nikirudi chuoni jioni na juzuu yangu kwapani, nikipita nyumba hii nasikia shujaa, nikipita ile nasikia dhalimu. Nimekua mpaka nimepindukia miaka hamsini sijajua nishike lipi. Wazee wetu walisema Mgala muue na haki yake umpe, na leo nataka kujaribu kuifuata methali hiyo.

MTOTO WA NYUMBA ILIYOVUNJIKA

Hadithi ya Mbaruk haianzi Gazi. Inaanza Mombasa, ndani ya Ngome. Wamazrui walikuwa maliwali wa Mombasa kwa muda wa karibu miaka mia. Kwanza walitawala kwa niaba ya Oman. Baadaye, walipoona enzi ya Oman imeingia ukoo wa Al-Busaidi, wakakataa kuitii wakajitawalia wenyewe. Sayyid Said alipowabana sana, mwaka 1824 walifanya jambo ambalo wengi wetu hatulikumbuki: walipandisha wenyewe bendera ya Kiingereza juu ya Ngome ili iwakinge. Nahodha wa Kiingereza aitwaye Owen akaikubali, lakini serikali yake haikumwunga mkono, na kufikia mwaka 1826 bendera ile ilikuwa imeteremshwa. Wamazrui wakabaki peke yao na adui yao.

Ngome ile ilihimili mizinga mingi. Iliyoiangusha ni fitina ya ndani. Baada ya kufa liwali Salim bin Ahmad, ndugu waligombana juu ya nani ashike nafasi yake, na mgawanyiko huo ukampa Sayyid Said mlango. Mwaka 1837 Mombasa ikawa mikononi mwake. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, pamoja na wakubwa wenziwe wa ukoo, walikamatwa kwa hila, wakatiwa chomboni na kupelekwa mbali, Bandar Abbas katika Ghuba. Huko ndiko walikofia.

Huyo Rashid bin Salim ndiye baba yake Mbaruk.

Mtoto alikuwa bado mdogo. Waliosalimika katika ukoo waligawanyika njia mbili: wengine wakaenda kaskazini wakakaa Takaungu, wengine kusini wakakaa Gazi. Wale wa Takaungu walifanya suluhu na mtawala wa Unguja, wakastawi kwa mashamba ya nafaka na kazi ya watumwa. Wale wa Gazi nyoyo zao hazikutua, na katikati yao akakua kijana aliyelishwa habari ya baba aliyechukuliwa na mji ulionyang'anywa. Nadhani mtu hawezi kumfahamu Mbaruk asipoanza hapa. Wengine hurithi shamba au chombo. Yeye alirithi deni, tena akijihesabu kuwa ndiye mdai.

MWELE

Katika miaka ya 1860 Mbaruk alishika uongozi wa Gazi. Kutoka hapo mpaka uzee wake maisha yalikuwa ni kuasi, kukimbilia msituni, kusamehewa, kurudi nyumbani, kisha kuasi tena. Aligombana na Unguja wakati wa Sayyid Majid, akagombana zaidi wakati wa Sayyid Barghash.

Nguvu zake hazikuwa Gazi yenyewe. Gazi iko wazi mbele ya bahari, na manowari ikija haina pa kujificha. Nguvu zake zilikuwa Mwele, nyuma ya milima ya Shimba, mahali pa vilima na msitu mnene, alipozungusha boma la magogo. Kutoka pwani kwenda huko lazima upite katika nchi ya Wadigo na Waduruma, na wengi wao walikuwa wafuasi wake. Hapo ndipo akili yake ilipoonekana. Mtawala mwenye merikebu hutaka vita vipiganwe ufukweni. Mbaruk akavipeleka mahali ambapo merikebu haziendi.

Mwaka 1882 Sayyid Barghash alimtuma jemadari wake Mwingereza, Lloyd Mathews, aliyekuwa akilifunza jeshi jipya la Unguja. Mathews aliizingira Mwele mpaka ikashindwa, lakini alipoingia mwenyewe hakumkuta. Mbaruk alikuwa ameshapenya msituni. Baadaye akapata msamaha, akarejea Gazi kwake kama kwamba alikuwa safarini tu.

Karibu na mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakigawana pwani yetu kwenye ramani, Mbaruk alipandisha bendera ya Kijerumani Gazi. Wako wamchekao kwa hilo, wakasema hakuwa na msimamo. Mimi naona alifanya walilofanya wazee wake mwaka 1824: kutafuta mwamvuli kwa mgeni wa mbali dhidi ya adui wa karibu. Kosa lake, kama lilivyokuwa lao, ni kudhani kwamba mwenye mwamvuli atakuachia mpini.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nyanya yangu hakulisahau. Bunduki na baruti hununuliwa, na watu wa msituni hula. Fedha ya Gazi ilitoka kwenye mashamba na kwenye biashara ya watu. Wakati pwani nzima ilipokuwa ikibanwa kuacha kusafirisha watumwa, Mbaruk aliendelea kuwa nao na kufaidika nao. Vita vyake navyo vilikuwa na vijiji vilivyochomwa, na watu waliochukuliwa pasipo kosa. Katika masimulizi ya Gazi mna habari ya chumba ndani ya nyumba ile, ambamo mkaidi alifungiwa pamoja na moshi wa pilipili mpaka akubali alilotakiwa. Habari hiyo wageni husimuliwa kwa kicheko. Mimi nilipoisikia sikucheka.

Lakini haki ni kusema upande wa pili pia. Miongoni mwa waliopigana pamoja naye mpaka mwisho walikuwamo watumwa wenye bunduki mikononi, ambao wangaliweza kumkimbia wakati wowote. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na si halali kwetu kuwasemea kwamba wote walilazimishwa, wala kwamba wote walipenda.

WAGENI WALIOLETA VITA

Mwaka 1887 Sayyid Barghash alikodisha utawala wa pwani kwa Waingereza, na mwaka uliofuata Kampuni yao ikapewa hati ya kifalme. Ajabu ni kwamba Mbaruk, aliyewasumbua masultani wa Unguja wawili, alikaa na Kampuni kwa salama. Wakampa ruzuku, naye akawasaidia. Alikuwa ameanza kuwa mzee. Lau angalikufa mwaka 1894, leo tungemkumbuka kuwa ni mwasi aliyetulia uzeeni, basi.

Mola hakukadiria hivyo. Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkubwa wa Wamazrui wa Takaungu. Hapa msomaji awe macho, kwani majina yanafanana. Warithi walikuwa wawili: Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, na Mbaruk bin Rashid, mpwa wa ukoo aliyekuwa mkubwa kwa umri. Huyu Mbaruk wa Takaungu si yule wetu wa Gazi, ingawa jina lake na la baba yake ni yale yale. Kwa ada ya ukoo mkubwa wa umri alikuwa na hoja nzito. Kampuni ikamchagua mdogo, kwa sababu alikuwa rafiki yake. Mbaruk wa Takaungu na ndugu yake Aziz wakakataa, wakapigwa, wakakimbia. Walikimbilia wapi? Kwa jamaa yao mkubwa, Gazi.

Hebu msomaji ajiweke mahali pa mzee huyu. Wageni wako mlangoni kwake, ni damu yake, wanaomba hifadhi. Waingereza wanamtaka awatoe. Akiwatoa atabaki na ruzuku yake, na nyumba yake, na usingizi wake. Asipowatoa, atakuwa anaanza upya, katika umri wa wajukuu, vita ambavyo safari hii haviko na Unguja tu bali na dola kubwa kuliko zote za zama zile. Akajibu kwa ahadi, akachelewesha, akaahidi tena. Waingereza wakaona ni hila, na huenda ilikuwa hila. Lakini sisi watu wa pwani twajua aibu ya mtu aliyemtoa mgeni wake, sembuse mgeni ambaye ni ndugu. Tena jambo lenyewe lilikuwa moja na lile la mwaka 1837: mgeni kuingia nyumba ya Wamazrui na kuchagua nani awe mkubwa ndani yake.

Tarehe 1 Julai 1895 Kampuni iliondoka na serikali ya Uingereza ikaishika nchi yenyewe, mkuu wake akiwa Arthur Hardinge. Mwezi huo huo Gazi ilikuwa mikononi mwao, na mzee alikuwa amerudi Mwele. Vita vikatambaa pwani nzima. Kaskazini Aziz alikuwa akipigana, na huko Mtwapa Hamisi bin Kombo naye akaingia. Yaliyoanza kuwa ugomvi wa urithi yakawa vita vya watu waliochoka kuamriwa, Waarabu na Waswahili na Wamijikenda kila mmoja na uchungu wake.

Agosti alikuja Admeri Harry Rawson na mabaharia wa manowari, na askari wa Kisudani na wa Unguja. Mathews alikuwamo, miaka 13 baada ya kuizingira Mwele mara ya kwanza, na safari hii alipata jeraha la risasi begani. Tarehe 17 Agosti boma la Mwele lilivunjwa. Walioshiriki walipewa nishani ambayo ukingoni mwake limechorwa jina la Mwele na mwaka. Yaani jina la kilima chetu cha msituni limezunguka Uingereza katika vifua vya watu, na sisi hapa, miongoni mwa vijana wetu, sijui wangapi wanaoweza kukuonyesha Mwele iko upande gani.

Kwa mara nyingine walipoingia hawakumkuta. Alipigana miezi minane mingine, akihama msitu kwa msitu. Waliokuwa katikati waliumia pande zote mbili. Serikali ilichoma vijiji vya waliomhifadhi Mbaruk, na watu wa Mbaruk walichoma vya waliomkataa. Mwisho, Machi 1896, likaletwa jeshi la Kibaluchi kutoka Bara Hindi. Hapo mzee akaona mbele hakuna njia. Mwezi wa Aprili alivuka mpaka na watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, akaweka silaha chini mbele ya Wajerumani.

MAJIRANI WA DAR ES SALAAM

Wajerumani walimpa hifadhi, na miaka iliyobaki ya uhai wake aliimaliza ugenini. Na hapa pana kisa ambacho kila nikikifikiri nastaajabia kazi ya Mola.

Agosti 1896, miezi michache tu baada ya Mbaruk kuvuka, Sayyid Khalid, mtoto wa Sayyid Barghash, alikalia kiti cha Unguja bila idhini ya Waingereza. Rawson yule yule aliyeivunja Mwele akalipiga jumba la Unguja kwa mizinga, na kwa muda usiotimia saa moja mambo yakaisha. Mwaka uliofuata Rawson huyo huyo alikwenda kuuangamiza mji wa Benin, Afrika ya Magharibi. Ama Khalid, alikimbilia kwa Wajerumani, wakamchukua mpaka Dar es Salaam.

Basi tazama. Babu yake Khalid, Sayyid Said, ndiye aliyemnyang'anya Mombasa baba yake Mbaruk na kumpeleka akafie Bandar Abbas. Baba yake Khalid, Sayyid Barghash, ndiye aliyetuma jeshi Mwele. Nyumba hizi mbili zilipigana kwa vizazi juu ya nani awe mkubwa wa pwani. Sasa mtoto wa huyu na mjukuu wa yule wako katika mji mmoja, wote wawili wakila posho ya Mjerumani, na pwani waliyoigombania iko kwa mtu wa tatu. Sijui funzo la fitina lililo wazi kuliko hilo.

Mbaruk alifariki huko Dar es Salaam mwaka 1910. Hakurudi Gazi. Miaka mitatu kabla ya kufa kwake, mwaka 1907, utumwa ulikuwa umefutwa kisheria katika pwani yetu. Serikali iliyomfukuza ndiyo iliyotia sahihi, na nyanya yangu, ambaye hakuwapenda Waingereza hata chembe, kwa hilo moja alikuwa akisema alhamdulillahi.

BARAZANI

Siku niliyokwenda Gazi nilipokewa na mzee mmoja wa hapo hapo, tukakaa barazani baada ya sala ya alasiri. Nikamweleza habari ya babu yangu na nyanya yangu, nikamwuliza yeye kwao walimsemaje Mbaruk. Alinyamaza kitambo. Kisha akanieleza kwamba babu wa baba yake alikuwa askari wa Sheikh, na mke wa babu huyo alikuwa kijakazi aliyetolewa katika nyumba hiyo hiyo tuliyokuwa tukiitazama. Wote wawili ni wazee wake. Hakuona haja ya kumchagua mmoja. Aliniambia, kwa maneno machache, kwamba wanaotaka Sheikh awe malaika hawakuishi naye, na wanaotaka awe shetani nao hawakuishi na waliomfukuza.

Maneno hayo yalinituliza. Miaka yote nilikuwa nimejiona kama kadhi anayetakiwa kutoa hukumu kati ya babu na nyanya, kumbe wote wawili walikuwa mashahidi tu, na kila mmoja alisema aliloliona. Babu aliona mtu aliyekataa kufanywa mgeni nchini kwake. Nyanya aliona mtu ambaye heshima yake ilibebwa juu ya migongo ya watu wengine. Ushahidi wa huyu hauufuti wa yule. Mbaruk alijua vyema uchungu wa kunyang'anywa, kwani ulikuwa maisha yake yote. Msiba wake ni kwamba uchungu huo haukumfundisha kuuona kwa mtu aliyekuwa chini yake.

Tunapowafundisha wanetu habari za pwani, tusiwafiche nusu. Vitabu vya wakoloni vilimwita Mbaruk mwasi na mfanya biashara ya watumwa, wakaishia hapo, ili vita vyao vionekane sadaka. Sisi nasi tukimwita shujaa tukaishia hapo, tutakuwa tumewazika mara ya pili wale ambao hata majina yao hayakuandikwa. Mama wa nyanya yangu ni mmoja wao. Namjua kwa tendo moja tu, kwamba usiku mmoja alimfunga mtoto mgongoni akatembea.

Kabla ya magharibi kuingia niliiaga ile nyumba. Nilisoma Fatiha nikamhidia Sheikh Mbaruk bin Rashid, aliyezikwa mbali na kwao. Nikasoma nyingine nikawahidia waliokaa ndani yake bila hiari yao. Mola awarehemu wote, na atupe sisi tuliobaki moyo wa kumpa kila mtu haki yake.